Kiti cha Mgeni

Kuna siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na naikumbuka zaidi kwa baridi yake. Lubumbashi ilikuwa katika ile miezi ya ukavu ambapo vumbi jekundu linalala juu ya kila jani na watu wanatoka asubuhi wamevaa koti juu ya koti. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye meza ndefu ya ofisi moja ya serikali, nimevaa suti mpya, shingo imenyooka kama ya jogoo. Nilikuwa nimewekwa kwenye kamati ya kupima zabuni. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, aliyetoka kaskazini mwa Katanga na mikono yake tu, na katika ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kukalia kiti kama kile. Usinicheke. Ungekuwa wewe, ungekibeba kiti chenyewe mtaani watu wakione.

Nimesikia kwamba nawe sasa umeitwa kwenye kamati ya namna ile. Mama yako, huyu dada yangu asiyejua kuzungumza polepole, alinipigia simu akashangilia mpaka simu ikakatika. Nilifurahi, sikufichi. Lakini simu iliponyamaza nilibaki peke yangu hapa Makomeno, nyumba nzima kimya, na aliyenijia moyoni si wewe, ni Sylvain. Ndipo nikaona afadhali nikuandikie kabla hujaketi.

Sylvain alikuwa rafiki yangu. Baba zetu walifanya kazi pamoja relini, milango yetu ilitazamana, tulibatizwa na padri mmoja. Mama yake, Mama Thérèse, akisonga bukari ya unga wa mahindi hakosi kuweka pembeni sahani yangu, hata siku ambayo sikuonekana. Wakimwambia chakula kinapoa, anajibu, "Dona atakuya tu." Jina langu ni Donatien, lakini kwa wale wawili nilikuwa Dona. Leo hakuna tena anayeniita hivyo.

Tulipokua, mimi niliingia ofisini, Sylvain akasomea ujenzi, akapata kazi kwenye machimbo ya mawe, njia ya Kolwezi. Ilikuwa kazi nzuri. Kisha Mama Thérèse akaanza kuugua, na kwa kuwa dada zake Sylvain wote walikuwa wameolewa mbali, yeye aliiacha kazi ile akarudi mtaa wa Hewa Bora kumtunza mama yake. Hilo nililijua kwa macho yangu. Jioni aliyorudi nilikuwepo, nilimsaidia kushusha godoro kwenye gari. Ushike vizuri huo upande wa godoro, mwanangu, maana habari yote imelala juu yake.

Mwaka ule serikali ilitafuta kampuni ya kutunza mifereji ya Hewa Bora, ile ambayo mvua ikinyesha inakuja kukusalimia mpaka chumbani. Kampuni ndogo ndogo zikaleta zabuni zao. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba kila kampuni imtaje kwa jina mtu atakayesimamia kazi, awe fundi mwenye uzoefu, na awe huru kuanza. Kampuni moja ya pale pale mtaani ilimtaja Sylvain. Kwake kazi ile ilikuwa wokovu: angepata mshahara wake na bado angekuwa karibu na kitanda cha mama yake, umbali wa kwenda kwa miguu na kurudi mchana kumpa dawa.

Sasa kuna tabia moja ya mji wetu ambayo unaifahamu, lakini acha niiseme. Kwetu majina yanaazimwa. Kampuni haina fundi mkubwa, basi inamwendea fundi wa mgodini, inamwomba jina lake na vyeti vyake vikapambe zabuni. Kazi ikipatikana, fundi mwenyewe yuko mgodini kwake, na mifereji inachimbwa na mjomba wa mwenye kampuni. Kwa hiyo kila kamati inayanusa majina kama paka anavyonusa samaki wa jana. Kunusa si vibaya. Ubaya ni kuhukumu kwa pua tu.

Kabla ya bahasha kufunguliwa, sisi wanakamati tulitia saini kwamba hatuna ndugu wala rafiki kati ya wanaoomba kazi, na kwamba hatutazungumza nao mpaka uamuzi utoke. Nilitia saini kwa moyo mweupe, maana jina la kampuni ile halikuniambia kitu. Bahasha zikafunguliwa, na jina la Sylvain likasomwa mbele ya wote. Hapo ndipo nilipotakiwa kuinuka na kusema, "Mabwana, huyu ni rafiki yangu, naomba nitoke." Basi, ndivyo hivyo tu. Maneno ambayo hata mtoto wa katekisimu angeyaweza. Mimi nilikitazama kiti changu, nikakiona bado kizuri, nikanyamaza. Saini yangu haikuwa uongo nilipoiweka. Iligeuka uongo pale nilipokaa nayo kimya.

Mwenzetu mmoja, mtu mchangamfu aliyependa kuchekesha meza, alisikia jina lile akapiga makofi.

"Ule miye namujua! Anatumikaka ku carrière, njia ya Kolwezi. Nilimuonaka na casque ku kichwa. Jina ya kuazima tu ile!"

Yaani Sylvain bado yuko kazini machimboni. Watu wakacheka. Ndani ya zabuni kulikuwa na tamko la Sylvain mwenyewe kwamba yuko huru, lakini wakasema tamko ni karatasi, nani hawezi kuandika tamko. Mkuu wa kamati akauliza kama kuna mwenye neno. Nilikuwa nalo, mwanangu. Lilikuwa limefika kwenye meno. Ni kweli Sylvain alivaa kofia ya machimboni, na ni kweli pia kwamba aliivua, na mimi nilikuwa nimeshika upande wa pili wa godoro lake. Lakini nikajiambia kwamba mwanakamati anapima kilichoandikwa, hapimi anachokijua. Nikajisifu kimoyomoyo kwa kuwa mwadilifu. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami nikaichukua methali ile nikaifanya mto wa kulalia.

Sikujiuliza mbona neno la mwenzangu nalo halikuwa limeandikwa popote, na bado lilipokelewa. Neno la kumwangusha mtu lilifunguliwa mlango, la kumsimamisha likaambiwa lingoje nje. Na aliyelizuia pale mlangoni ni mimi, mtu aliyekula sahani za Mama Thérèse. Kampuni ikanyimwa alama zote za wafanyakazi, ikaanguka. Sababu ikaandikwa kwamba msimamizi hayuko huru na jina lake limetajwa kwa udanganyifu.

Uamuzi ulikuwa bado haujatangazwa Mama Thérèse alipofariki.

Wewe si mtoto wa kufundishwa kilio. Unajua wanawake wanalala chini ndani kwa wafiwa, wanaume wanakaa nje kuzunguka moto, na hakuna anayekudai maneno. Unakaa. Kukaa kwako ndiyo maneno yako. Anayekuja anaonekana, na asiyekuja anaonekana zaidi. Mke wangu Georgette alijifunga kikwembe chake akanisubiri mlangoni. Nikamwambia siwezi, nimetia saini, wakinikuta nimekaa ubavuni mwa mtu wa zabuni nitasema nini? Akaenda peke yake.

Mimi nilifika mpaka kona ya mtaa wao. Nakuambia ukweli, nilifika. Niliona moshi wa kilio juu ya ukuta wa nyumba ile, nikawasikia wanakwaya wa parokia wakiimba wimbo ambao Mama Thérèse alikuwa akiuimba jikoni kila Jumamosi, bila kuujua vizuri, akijaza maneno yake mahali aliposahau. Siku ile wao waliuimba sawasawa, na ndiyo maana uliniumiza. Miguu ilitaka kwenda. Hofu ikanishika shati, nikageuka.

Baada ya mazishi alikuja nyumbani Tantine Philomène, dada ya baba yangu. Georgette akamwekea kiti, hakukikalia.

"Donatien, wakati tunazika mama ya Sylvain, ulikuwaka wapi?"

"Tantine, iko sheria. Muntu wa commission hawezi kusemezana na ba candidats mupaka kazi imalizike."

"Sheria ilikukataza kusema naye juu ya kazi. Ilikukataza na kulia naye?"

Nikamsogezea kile kiti karibu zaidi.

"Kama kiti ile inakukataza kilio ya mama mwenye alikulisha," akasema, "basi ungetoka ku kiti. Haungetoka ku kilio."

Aliondoka bila kunywa hata maji, na Tantine hakuwa mtu wa kukataa maji. Nilikasirika, wacha nikiri. Nilisema moyoni, wazee wetu hawaelewi kazi za serikali. Kumbe kati yetu sote yeye ndiye aliyeielewa sheria ile. Ilikuwa imeacha milango miwili wazi, mlango wa kutoka kwenye kamati na mlango wa kuingia msibani, na mimi nilisimama katikati nikisema nimefungiwa.

Uamuzi ukabandikwa ukutani. Sylvain aliusoma akiwa bado na alama ya msiba kwenye nguo yake, na Hewa Bora yote ikajua kwamba jina lake limeitwa la udanganyifu. Kampuni haikukubali, ikapeleka malalamiko juu. Wenye kampuni waliuliza maswali mepesi: huyo mtu mlimwona wapi, lini, na mbona hamkutuuliza? Wakubwa waliosikiliza malalamiko wakajibu neno ambalo kamati nzima tulilipokea tumeinamisha vichwa. Walisema ukimshuku mtu aliyetajwa kwenye zabuni, iandikie kampuni, omba maelezo, pokea jibu, ndipo upime. Soga za mezani si ushahidi. Uamuzi ukafutwa, ikaamriwa kazi ya kupima ianze upya.

Kwa hiyo Sylvain alishinda. Lakini mvua haijui kusubiri malalamiko. Hadi kazi ya kupima ilipoanza tena mifereji ilikuwa imeshafurika, kampuni ile ndogo imetawanyika, na Sylvain amefunga nyumba ya mama yake akaenda Lukafu, kwenye mashamba ya wajomba zake, kulima mahindi. Jina lake lilisafishwa mwenyewe akiwa hayupo kulivaa. Mimi nilibaki na kiti changu. Nikakikalia miaka mingi, nikapandishwa vyeo, nikaitwa Monsieur na kila mlinzi wa mlangoni. Hakina joto, mwanangu. Watu waliokizunguka walikuwa wa kiti, hawakuwa wangu, na siku niliyostaafu waligeuka wakamzunguka aliyenifuata.

Ilinichukua miaka kupata moyo wa kwenda Lukafu. Nilipanda lori la wafanyabiashara wa mahindi, nikafika nimekuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu. Sylvain alikuwa amekaa juu ya gunia, anapukuchua mahindi. Alinitambua kutoka mbali, maana mikono yake ilisimama. Akainuka, akanawa, akaingia ndani. Akatoka na kiti chenye mgongo, kiti kizuri kilichofunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Akakifuta.

"Karibu, Monsieur Donatien. Ikala."

Ningependa anitukane. Tulipokuwa wadogo tulikalia ndoo moja iliyopinduliwa, kila mmoja nusu ya tako, na aliyeanguka alichekwa. Sasa nilikaa juu ya kitambaa cha kushonwa, yeye akarudi kwenye gunia lake. Mtu wako humpi kiti cha namna ile. Kile ni cha padri, cha chifu, cha mtu wa ofisi aliyepotea njia.

"Sylvain," nikasema, "nilikuya kulia mama."

"Mama tulishamulilia. Aksanti kwa kukuya."

Aliniuliza habari za safari na za watoto. Nilinawishwa mikono, nikapewa bukari na kuku. Hakukosea adabu hata mahali padogo. Mwisho sikuweza tena, nikamwambia yote: meza, kicheko, godoro, neno lililofika kwenye meno likarudi. Nilidhani lile la kuitwa mwongo mbele ya mji ndilo lililomvunja, na nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha wa hilo. Akanisikiliza huku akipitisha punje za mahindi kiganjani.

"Ile ya karatasi ilishapita," akasema. "Karatasi banaandika, karatasi banafuta. Lakini ku kilio, miye nilikuwa naangalia njia. Kila muntu mwenye alikuwa anaingia, nilizania ni weye."

Alipoona jua linashuka alinikumbusha kwa upole kwamba lori haliningoji. Unajua kwetu mtu unayempenda unamsindikiza mpaka barabarani, na mkifika barabarani mnapata neno jingine, mnatembea tena kidogo. Sylvain alinisindikiza mpaka mwisho wa uwanja wake, pale ambapo ufagio unaishia. Akanipa mkono. Nilitembea mwenyewe mpaka lorini, na sikugeuka, kwa sababu nilijua hayupo tena pale.

Miaka michache baadaye Georgette alifariki. Kilio kilikuwa hapa, Makomeno, na nisiwe mchoyo wa shukrani, watu walijaa. Ofisi ilileta viti na turubai. Wakubwa walikuja na magari yao, wakakaa, wakatazama simu zao, wakaaga. Mimi nilikaa mahali ambapo lango linaonekana. Sasa ilikuwa zamu yangu ya kuangalia njia. Kila aliyeingia nilidhani ni yeye.

Siku ya mwisho dereva mmoja wa lori alisimama langoni, akashusha gunia la unga wa mahindi.

"Papa Sylvain wa Lukafu anasema, ni ya kilio."

Nikamuuliza kama hakusema neno jingine. Akasema hapana, ni hilo tu. Wanawake wakausonga ule unga, ukaliwa na watu ambao hawakujua umetoka wapi, nami nikala, nikiwa nimezungukwa na umati na sina mtu. Sylvain alitimiza wajibu wake wote. Alinifanyia hata kile ambacho mimi sikumfanyia. Ila yeye mwenyewe hakuja, na sikuwa na haki ya kumlaumu.

Basi, mwanangu, nenda kwenye kamati yako. Sikukatazi, nchi hii inahitaji watu wa kupima wanaojua kusoma na kuona haya. Lakini watakapofungua bahasha ukasikia jina la mtu wako, usingoje hata limalizike kusomwa. Inuka, sema ni nani kwako, toka. Kiti kitapata mwingine wa kukikalia. Viti havikosi makalio. Na kama mtu hakuhusu, ukasikia meza inamcheka kwamba jina lake ni la kuazima, wewe kuwa yule msumbufu anayesema tumwandikie tumuulize. Watakuona unachelewesha kazi. Wachelewe. Nyuma ya kila jina lililotajwa kwenye zabuni kuna mtu aliyeshusha godoro mahali fulani, na huenda yuko kwenye kitanda cha mgonjwa wakati ninyi mnacheka.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema. Wa kwangu nausikia bado, hasa Jumapili, watoto wakishamaliza kupiga simu zao kutoka mbali na nyumba ikarudia ukimya wake. Usijifiche nyuma ya sheria kuiacha kazi ya moyo, maana sheria ikisomwa vizuri huwa imekuachia nafasi ya kuwa mtu. Na msiba usikungoje. Zabuni hurudiwa, mwaka ule yetu ilirudiwa. Mama Thérèse hakuzikwa mara ya pili ili mimi nipate kufika.

Mungu akupe macho ya kupima bila upendeleo na miguu isiyoogopa kona ya mtaa wenye moshi wa kilio. Akupe watu wa kukuita kwa jina lako fupi mpaka uzeeni. Na siku yako ya kuketi nje karibu na moto itakapofika, maana itafika, uinue macho utazame njia, na yule unayemngoja umwone anaingia.